Kisima Kabla ya Lami



Msimu umeingia. Uchaguzi mkuu umewekwa tarehe 10 Agosti 2027, na wanaoutaka uwakilishi wa wadi wamekwisha kuanza kubisha hodi. Wanakuja baada ya sala ya Ijumaa, wanakuja kwenye hitma na maulidi, wanakuja arusini wakaketi safu ya mbele. Wengi wao siku hizi huja na karatasi iliyopigwa chapa vizuri, juu yake picha, chini yake orodha ya mambo atakayoyatanguliza mgombea iwapo watu wa Shimo la Tewa watampa kura zao. Karatasi hizo twazisoma, nazo zafanana kama pacha: lami, taa, basari, hospitali, kazi za vijana. Safu hii haimpigii mtu debe wala haimpigi mtu vita. Twataka kuzungumza nanyi, mama zetu na dada zetu, juu ya mpangilio wa orodha yenyewe: lipi liwe la kwanza, na kwa nini.

Kwanza tujue huyu mtu anaomba kazi gani. Zamani tulimwita diwani. Tangu serikali za kaunti zilipoanza baada ya uchaguzi wa Machi 2013, yeye ni mjumbe wa Bunge la Kaunti, na bunge letu la Kilifi hukutana Malindi. Wadi za kaunti nzima ni 35, kwa hivyo wajumbe waliochaguliwa na wadi ni 35, mbali na wale wa kuteuliwa. Kazi yake ni kutuwakilisha, kutunga sheria za kaunti, kupitisha bajeti, na kuichunguza serikali ya gavana inavyoitumia bajeti hiyo. Hana greda, hana saruji, hana daktari. Ana kauli moja kati ya nyingi, na ana haki ya kuuliza. Mwenye kutuambia "nitawajengea hospitali" anatuahidi mali ambayo funguo zake zimo mikononi mwa wengine. Mwenye kutuambia "nitasimama katika bajeti mpaka fungu hili lipite, kisha nitarudi kuwaonyesha limetumikaje" ndiye aliyeifahamu kazi anayoiomba.

Iko na mipaka pia. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limegawa majukumu baina ya serikali mbili. Barabara kuu iendayo Malindi, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa Mtwapa, iko chini ya mamlaka ya barabara kuu ya kitaifa. Polisi ni wa serikali ya kitaifa. Shule za msingi, za upili na vyuo vikuu kadhalika. Ndiyo maana basari zikaingia katika mzozo: Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti alizitaka kaunti zisitishe kuwalipia wanafunzi wa ngazi zisizokuwa zake mpaka ziandikiane mikataba na serikali ya kitaifa, na shauri hilo likafika mahakamani. Hatusemi basari ni mbaya, maana mayatima wengi wamesoma kwayo. Twasema mgombea anayeifanya basari kuwa nguzo ya kwanza ya orodha yake ameisimamisha nyumba juu ya kiwanja cha mwenziwe.

Sasa tazameni yaliyo ya kaunti kweli: zahanati na vituo vya afya, maji na usafi, mitaro ya maji ya mvua, uzoaji wa taka, masoko, taa za njiani, barabara za mitaani, shule za chekechea, vyuo vya ufundi, makaburi, leseni za vileo, udhibiti wa kelele na moshi. Yasomeni polepole. Takriban yote ni mambo yanayomfika mwanamke kabla hayajamfika mumewe.

Na kwetu sisi tuliosomea chuoni, orodha hiyo si ngeni. Imamu Abul Hasan al-Mawardi, kadhi wa Baghdad aliyefariki mwaka 450 Hijria, yaani 1058, aliandika juu ya hukumu za utawala, na akauweka mlango mzima kwa ajili ya kazi ya muhtasibu. Huyo alikuwa mtu wa kuitazama mizani ya sokoni, njia zisizibwe, watu wasidhulumiane mchana kweupe. Katika aliyoyataja ni kwamba mji ukikatikiwa na maji yake ya kunywa, ni juu ya muhtasibu kuamrisha yatengenezwe kwa mali ya Baitul Mal, na mali hiyo ikiwa haipo, wajibu waelekea kwa wenye uwezo wa mji huo. Twaona alivyopanga mambo: maji ya mji ni haki ya umma, hayaachiwi kila mtu ajitafutie. Wala si kazi ya muhtasibu kupeleleza ndani ya nyumba za watu, jambo ambalo baadhi ya wanasiasa wetu wangependa sana kulifanya badala ya kuzibua mtaro.

Tukiipima Mtwapa kwa kipimo hicho, sisi twaona la kwanza ni maji. Na tukisema maji hatukusudii bomba peke yake. Twakusudia kisima pamoja na shimo la choo lililo ubavuni mwake.

Sensa ya 2009 iliukuta mji huu haujafika watu 50,000. Ile ya 2019 iliukuta umepindukia 90,000. Maji ya bomba hutoka mbali, kwenye visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki, bara ya Malindi, yakisukumwa na pampu za umeme, na si mara moja umeme huo umekatwa kwa sababu ya madeni. Siku bomba linapokauka, kila mama hurudi kwenye kisima cha uani, au hungojea mkokoteni wa mitungi ya lita 20, ambao aghalabu haulizwi mitungi hiyo imejazwa wapi. Na chini ya miguu yetu ni mchanga juu ya mawe ya matumbawe, mawe yenye matundu kama sifongo. Lililomwagwa upande huu halikawii kufika upande wa pili. Nyumba nyingi zategemea shimo. Watu wameongezeka takriban maradufu katika miaka kumi, mashimo nayo yameongezeka, na visima ni vilevile.

Hapa pana jambo la fiqhi tungependa lieleweke, maana tumesikia likitumiwa visivyo. Katika madhehebu yetu ya Shafi, maji yakifika qullatayn, kiasi ambacho wengi huko leo hukadiria kuwa karibu lita 200, hayanajisiki kwa kuangukiwa na najisi mpaka ibadilike rangi yake, au ladha yake, au harufu yake. Kisima chochote kimepita kiasi hicho. Basi mtu husema: kisima chetu ni tohara, mwasumbukia nini? Ni kweli, waweza kutawadha kwa maji hayo na sala yako ikasihi. Lakini hukumu hiyo ni ya tohara, nayo haikuletwa iwe hukumu ya tiba. Kijidudu cha kipindupindu hakina rangi wala harufu, na kiasi kidogo chake hakibadilishi ladha. Kutawadha kwa maji hayo ni jambo moja, kumkorogea mtoto uji kwayo bila kuyachemsha ni jambo jingine, na kuhifadhi nafsi ni katika makusudio matano makubwa ya sheria yetu. Asije mtu, awe imamu au awe mgombea, akaitumia fiqhi ya tohara kuwanyamazisha mama wanaokilalamikia kisima.

Mnamo 1854, katika mtaa wa Soho mjini London, kipindupindu kiliua mamia ya watu kwa siku chache. Daktari John Snow alifuatilia nyumba zilizofiwa, akaona vifo vimeizunguka pampu moja ya maji katika Broad Street, naye akawashawishi wakubwa wa mtaa waung'oe mkono wa pampu ile. Baadaye ikagunduliwa kwamba kando ya kisima, umbali usiofika hata mita moja, palikuwa na shimo la maji machafu la nyumba ya jirani, nalo limepasuka. Humo ndimo mama mmoja alimokuwa akimwaga maji aliyofulia nepi za mtoto wake mgonjwa. Tunakitaja kisa hiki kwa sababu ya mama huyo. Hakufanya uzembe. Alimwaga mahali pekee alipokuwa napo pa kumwaga. Na London, katika miaka iliyofuata, haikuishia kuwapa wanawake mihadhara ya usafi, bali iliingia kazi ya kujenga mfumo mkubwa wa mabomba ya maji taka chini ya mji.

Wala hatuna haja ya kwenda Uingereza kujifunza kwamba mji hupangwa pamoja na uchafu wake. Tembeeni na watoto Jumba la Mtwana, pale pale pwani yetu. Ni mji wa Waswahili wa karne ya 14, uliofukuliwa na James Kirkman mwaka 1972. Watu huenda kuutazama msikiti ulio kando ya bahari wakapiga picha wakaondoka. Sisi twawashauri watazame visima, mabirika na vyoo. Wale wazee walijenga nyumba huku wakifikiria maji yatatoka wapi na yatakwenda wapi, na mahali pa kujitoharishia pamewekwa palipostahiki. Mji wao ulikuwa mdogo, ni kweli, na sisi leo tuna watu wengi kuliko wao mara nyingi. Hiyo ndiyo sababu ya sisi kuhitaji mpango mkubwa kuliko wao, ilhali tulicho nacho ni kidogo kuliko chao.

Na hapa ndipo ushauri wa kawaida unapogonga ukuta. Maafisa wa afya ya umma husema kisima kiwe angalau mita 30 kutoka shimo la choo. Kiwanja cha kawaida kinachouzwa kwetu ni futi 50 kwa 100, ambazo ni takriban mita 15 kwa 30. Fanyeni hesabu. Ndani ya kiwanja hicho, ukishaweka nyumba, hakuna pembe mbili ambazo choo na kisima vitakaa vikaachana kwa mita 30 kwa raha, na hata ukifaulu, umekisogeza choo chako kwenye kisima cha jirani. Mcha Mungu mwenye bidii, mwenye mke msafi na watoto wenye adabu, hawezi kuitekeleza amri hii peke yake. Jambo lisilowezekana kwa nyumba moja, likawezekana kwa mji, ndilo jambo la kumwendea mwakilishi wa wadi. Mengine mengi katika karatasi zao twaweza kuyafanya kwa michango ya msikiti. Hili hatuliwezi.

Basi mgombea atakayetaka tumsikilize na aseme haya waziwazi. Aseme kama atadai visima vya wadi vipimwe na maabara ya kaunti, na majibu yabandikwe hadharani, kwenye milango ya misikiti, makanisa na maduka, yasifungiwe kabatini. Aseme magari ya kunyonyea vyoo tunayoyaona yakipita mitaani yanakwenda kumwaga wapi, na nani anayaandikisha. Aseme, na hili ndilo zito, ni kiwanja gani kitakachotengwa kwa kituo cha kusafishia taka za vyoo, kabla ardhi yote ya Mtwapa haijauzwa. Twajua kwa nini hakuna karatasi yenye jibu la hilo. Hakuna atakaye kituo hicho karibu na kwake, na mgombea atakayelitaja eneo atapoteza kura za eneo hilo. Kaunti yetu hupokea zaidi ya shilingi bilioni 11 kwa mwaka kutoka hazina ya taifa, na kila wadi huvuta upande wake. Kiwanja kisipotajwa kabla ya uchaguzi hakitatajwa baada yake, na shule na zahanati zitaendelea kujengwa juu ya ardhi inayovuja.

Twajua wako wasomaji wetu watakaouliza: na mabaa je? Mji huu umepata jina la mji usiolala, na wazazi wanaona haya kuwapitisha binti zao barabarani baada ya Isha. Wangependa sheikh aanze na hilo. Hatulidogoshi. Leseni za vileo ni jukumu la kaunti, na Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 ilikwisha kukataza baa ndani ya mita 300 za shule za watoto. Kanuni za kelele za 2009 zipo, na usiku zinabana zaidi. Wakaazi wana haki ya kupinga ombi la leseni linapotangazwa. Mwakilishi hawezi kufunga baa kwa amri yake, lakini aweza kusimama bungeni akauliza ni ngapi zina leseni, ziko umbali gani na madarasa, na ada zake zimekwenda wapi. Mgombea anayeapa kwenye mimbari kwamba "atazifagia zote" anatuhadaa, na wengine wao twajua wanakaa wapi usiku. (Na kanuni za kelele, tuseme haki, zinazigusa pia spika za mihadhara inayopita saa tano za usiku huku kuna mgonjwa ukuta wa pili.)

Ila tumeyaweka maji mbele ya mabaa, na sababu yetu ni nyepesi. Mlango wa baa, mwanangu huingia kwa miguu yake, na nina nafasi ya kumlea asiingie. Kisima humwingilia ndani ya kikombe nilichompa mimi mwenyewe. Tena kisima hakibagui. Jirani yetu Mgiriama aendaye kanisani, Mkamba aliyepanga chumba nyuma, na sisi, twachota chini ya mwamba mmoja. Katika mji wenye dini na makabila mengi kama huu, mwakilishi akianza na baa atagawanya wadi siku ya kwanza. Akianza na maji atawakuta wote kwenye foleni moja na mitungi yao.

Mengine tutayapita kwa ufupi. Taa za njiani ni jambo jema, hasa kwa wanawake wanaorudi kazini usiku na wanaokwenda Alfajiri, lakini muulizeni mgombea nani atalipa umeme na kubadilisha balbu, maana nguzo zilizokufa tunazo. Taka: Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inazitaka kaunti ziandae utaratibu wa kutenganisha taka, nasi bado twachoma plastiki nyuma ya nyumba na watoto wakivuta moshi wake. Lami ya mitaani isiyo na mtaro ni kuyaelekeza maji ya mvua kwenye visima na mashimo tuliyokwisha kuyataja, kwa hivyo mtaro kwanza. Shule za chekechea ni jukumu la kaunti moja kwa moja, na hapo twamkumbusha mgombea kwamba pwani hii haikungoja Katiba mpya: mpango wa chekechea za madrasa ulianzia Mombasa katika miaka ya 1980, na Bi Swafiya Said akawa mkufunzi wake wa mwanzo, akawafundisha wanawake wa mitaani kuwa walimu. Akitaka mfano, uko jirani, ng'ambo ya daraja.

Juu ya leso, unga na noti zinazogawiwa usiku tumekwisha kusema miaka iliyopita na hatutarefusha. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 humshika mtoaji na mpokeaji, na dini yetu ilitangulia kusema hivyo karne nyingi kabla yake.

Lililobaki ni wakati. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mwelekeo wa matumizi ya kaunti huwasilishwa bungeni kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Mwaka wa fedha huanza Julai. Katikati ya tarehe hizo ndipo wananchi huitwa watoe maoni, na wanaofika ni wanaume na vijana wa wagombea, kwa kuwa mkutano ukiitishwa saa nne asubuhi mwenye sufuria motoni na mtoto mgongoni hafiki. Muulizeni mgombea kama atadai mkutano wa maoni ya wadi ufanywe baada ya Alasiri, mahali penye kivuli, mikeka na choo. Ni swali dogo, na jibu lake hujulikana siku hiyohiyo.

Na kabla ya hapo, pimeni. Chukueni kamba, ipimeni mita 30, mtie fundo. Pimeni kutoka kisima chenu mpaka shimo lenu, kisha mpaka shimo la jirani kwa idhini yake. Andikeni hatua mlizozikuta, mwaka kilipochimbwa kisima, na mara ngapi mwaka huu mtoto wa nyumba hiyo ameharisha. Jina la mwenye nyumba lisiandikwe, mtaa unatosha. Asiyeweza kuandika amsomee mwanawe wa gredi ya sita naye aandike. Karatasi hizo zipelekwe kwa walimu wa chuo kila mtaa, nao wazikusanye kabla ya mwezi wa Februari ili ziingie katika maoni ya bajeti, na nakala yake apewe kila mgombea atakayefika mlangoni, bila kubagua chama.

Wabillahi tawfiq.